Wazazi Kumi na Tisa Tuliotia Sahihi Smaranda Aondolewe

Risala ya wazazi wa darasa la tatu B, Poiana Ursoaiei, iliyosomwa mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Shule wa Mkoa tarehe 31 Mei, siku moja kabla ya Siku ya Mtoto.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Leontina Hriscu, Mkaguzi Mkuu wa Shule wa mkoa wetu,
Mwalimu mkuu,
Walimu na wazazi wenzetu,
Na ninyi watoto mliovaa mashati ya tarizi tangu asubuhi na bado hamjaruhusiwa kukaa:

UKARIBISHO

Mheshimiwa, sisi wazazi wa darasa la tatu B tunakushukuru kwa kupanda hadi huku kwetu. Tunajua barabara ilivyo tangu theluji iyeyuke, na tunajua kwamba wengi wa daraja lako hutuma mtu mwingine. Wewe umekuja mwenyewe. Karibu. Mkate na chumvi umeshaonja mlangoni, na maua uliyopewa yamechumwa na watoto wenyewe, ndiyo maana mengine yana mizizi.

Kabla hatujaendelea, tuna jambo la kumwomba mwalimu mkuu radhi. Risala aliyoisoma na kuipitisha Jumanne ilihusu uzio, vyoo na kuni za majira ya baridi. Hiyo tumeiacha juu ya meza yake. Ni risala nzuri, na yote yaliyomo ni kweli. Lakini siyo hii.

Anayesoma mbele yako anaitwa Sanda Bucur, muuza dawa wa hapa mjini, mama wa mwanafunzi namba tatu. Hatukumchagua kwa sababu ya sauti yake. Tumemchagua kwa sababu barua ya kwanza aliiandika yeye, na tukakubaliana kwamba aliyeandika ile ndiye asimame asome hii.

HISTORIA YA DARASA LETU

Darasa hili lilianza miaka minne iliyopita, kwenye darasa la awali, na watoto ishirini na wawili wa miaka sita, wengine wakilia mlangoni, chini ya mwalimu Aglaia Nistor, ambaye yuko nao hadi leo. Mwanafunzi namba nne kwenye daftari la mahudhurio alikuwa Smaranda Chirilă. Mama yake, Veturia, huoka mikate kwenye duka lililo nyuma ya kanisa. Baba yake yuko Ujerumani kwenye ujenzi, huonekana Krismasi na Pasaka.

Smaranda ana usonji. Husema maneno machache. Hupenda kukaa karibu na dirisha, na akifurahi huguna wimbo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Makelele humuumiza kama sisi tunavyoumizwa na maji ya moto. Mwaka wa kwanza tulilalamika kidogo, mwaka wa pili tukasahau kulalamika. Watoto walizoea kabla yetu. Walijifunza wenyewe, bila kuambiwa, kwamba mtu akisoma shairi vizuri hawampigii makofi, wanainua mikono na kutikisa vidole hewani. Mpaka sasa wanafanya hivyo hata nyumbani. Mmoja wa baba zao alipiga chafya mezani, wanawe wakamtikisia vidole.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna mwingine darasani aliyeliweza. Siku moja mwalimu Aglaia alisahau daftari la mahudhurio ofisini. Smaranda, ambaye wiki hiyo yote hakuwa amesema neno, alisimama akataja majina yote ishirini na mawili, kwa namba, kwa mfuatano, bila kukosea hata moja. Kuanzia siku hiyo mwalimu alikuwa "akisahau" daftari kila Ijumaa.

Mheshimiwa, hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi tarehe kumi na moja Februari mwaka huu.

Asubuhi hiyo ilifungwa kengele mpya ya umeme kwenye korido, juu kabisa ya mlango wa darasa letu. Hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba itajaribiwa. Ilipolia, hata mafundi walioifunga waliziba masikio. Smaranda alipiga ukelele, akaanza kurusha mikono, na mkononi alikuwa ameshika kikebe cha bati cha kalamu. Kikebe kilimpata jirani yake wa dawati, Otilia Bucur, kwenye nyusi. Otilia alishonwa nyuzi mbili.

Ni binti wa huyu anayesoma.

Tunataka ujue, mheshimiwa, kwamba hofu yetu ilikuwa ya kweli. Mtoto wa miaka tisa amerudi nyumbani na damu hadi kwenye kola. Mama yake hakulala. Kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp tuliandikiana ujumbe mia mbili kwa siku moja. Mmoja alisema ingeweza kuwa jicho. Mwingine akasema kesho litakuwa jicho. Kufikia jioni, tukisomana, mtoto tuliyemjua kwa miaka minne alikuwa amegeuka mtu tusiyemjua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za kengele.

MAFANIKIO

Katika mwaka huu wa masomo darasa limekuwa la pili katika ngoma za asili wilayani, na watoto wamepanda miti ya misonobari arobaini, ambayo thelathini na mmoja kati yake bado iko hai.

Sisi wazazi nasi tulifanikisha jambo moja, na tulilifanikisha kwa haraka kuliko lolote tuliloliomba shule hii tangu watoto waanze. Tarehe nne Machi tuliitisha kikao. Veturia tulimwambia ni kikao cha kupanga sherehe ya akina mama ya tarehe nane. Tulichagua saa ambayo tulijua yuko zamu. Akaomba radhi kwamba hataweza kufika, na kwa kuwa hataki kuonekana hachangii, akatuma trei nzima ya mikate ya pete yenye ufuta, ikiwa bado moto.

Tuliila. Tukaila huku Sanda anasoma barua. Barua ilisema kwamba mtoto Chirilă Smaranda ni hatari kwa wenzake, kwamba masomo yanarudi nyuma kwa ajili yake, na kwamba sisi wazazi tunaomba ahamishiwe mahali panapomfaa, "kwa faida yake mwenyewe." Maneno hayo ya mwisho yalitupendeza sana. Tulijisikia watu wema.

Karatasi ilizunguka kwa dakika kumi na moja. Kati yetu ishirini na mmoja, bila Veturia, tuliotia sahihi ni kumi na tisa. Wawili hawakutia. Mmoja ni bwana misitu, alikuwa porini. Mwingine ni Bibi Profira Apetrei, anayemlea mjukuu wake kwa kuwa wazazi wake wako Italia. Karatasi ilipomfikia aliisukuma kando.

"Miwani nimeiacha nyumbani," alisema. "Na hata ningekuwa nayo, mimi siweki jina langu juu ya mtoto wa mtu. Kampiga mwenzake? Wangu mimi kapiga wawili wiki hii. Mbona yeye hamumwandikii?"

Tulicheka. Tukamwambia bibi, hayo ni mambo ya kisasa, huyaelewi. Akachukua mkate mmoja, akaufunga kwenye leso, akaondoka.

Barua ile iko kwenye jalada lako, mheshimiwa. Ukiitazama vizuri utaona madoa ya mafuta kando ya majina. Mafuta hayo yanatoka kwenye mikono ya mama wa mtoto.

Hatuwezi kukuambia kwamba hatukuisoma. Tuliisoma. Hatuwezi kukuambia tulilazimishwa. Mwalimu Aglaia hakuwepo kikaoni. Alipoulizwa baadaye na tume ya mkoa iliyoshughulikia barua yetu, alijibu kwamba tatizo ni kengele na kwamba nafasi ya mwalimu msaidizi iko wazi tangu Septemba. Jibu lake lilikuwa la mtu mmoja. Sisi tulikuwa kumi na tisa. Tarehe ishirini na nane Machi uamuzi ukatoka.

CHANGAMOTO

Baada ya likizo ya Pasaka, Smaranda alipelekwa shule maalumu ya makao makuu ya mkoa, kilomita hamsini na mbili kutoka hapa. Kwa kuwa basi ni moja tu kwa siku, alitakiwa kulala bwenini Jumatatu hadi Ijumaa. Hatusemi neno baya juu ya walimu wa kule. Hatuwajui, na hakuna aliyetuambia kwamba walimkosea. Lakini alikuwa na umri wa miaka tisa na nusu, na hakuwahi kulala usiku hata mmoja mbali na mama yake.

Sisi huku tukatulia. Kundi la WhatsApp likarudi kwenye picha za maua. Tulidhani jambo limekwisha.

Mheshimiwa, tarehe kumi na moja Mei, siku ya Alhamisi, tulialikwa kwenye somo la wazi, kama ilivyo desturi: wazazi wanakaa nyuma ya darasa, watoto wanaonyesha walichojifunza. Tulikuja karibu sote. Tulikaa kwenye vile viti vidogo, magoti yamegusa kidevu, simu tayari kwa kupiga picha. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio.

Moja, yupo. Mbili, yupo. Tatu, yupo.

"Nne. Chirilă Smaranda."

Tulishangaa kwamba jina bado linasomwa. Baadaye tulijua kwamba mwalimu aliagizwa mara mbili alifute, na mara zote mbili alijibu kwamba kalamu yake nyekundu imekwisha wino.

Akasimama msichana wa safu ya kati, anaitwa Sorina Cozma. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jedwali la kuzidisha: "Hayupo. Mama yangu alitia sahihi." Akakaa.

Mama yake alikuwa amekaa mita mbili nyuma yake, ameinua simu. Picha aliyopiga hakuifuta. Inaonyesha dari.

Tulifikiri ni utundu wa mtoto mmoja. Hatukujua kwamba jambo hilo lilikuwa likifanyika kila asubuhi tangu likizo iishe, mtoto mmoja kwa siku, na kwamba zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Sorina. Otilia ndiye aliyeona picha ya orodha ya sahihi kwenye simu ya mama yake, akaisoma darasani wakati wa mapumziko, jina kwa jina, na kila mtoto akasikia la kwao.

Siku hiyo, kwa kuwa sisi tulikuwepo, hawakuishia kwenye zamu. Akasimama mwingine. "Hayupo. Baba yangu alitia sahihi." Akasimama mwingine, na mwingine. Hakuna aliyewaongoza. Hawakucheka, hawakututazama. Mwalimu Aglaia alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili na hakuwakatiza. Mjukuu wa Bibi Profira naye akasimama akasema, "Hayupo. Bibi yangu hakutia," akakaa, na masikio yake yalikuwa mekundu, kana kwamba kwake ndiko kulikokuwa na aibu.

Wa mwisho alikuwa Otilia. Alama kwenye nyusi yake inaonekana hata ukiwa nyuma ya darasa.

"Hayupo," alisema. "Mama yangu ndiye aliyeandika barua." Akataka kukaa, akasita. "Na jicho langu limeshapona."

Mheshimiwa, hapa msomaji anaomba anywe maji.

Tulitoka darasani. Korido ile tumepita miaka minne na hatukujua ni ndefu vile. Mmoja wetu, ambaye ni fundi umeme, alisimama chini ya ile kengele akaitazama, akaleta ngazi kutoka kwenye gari lake, akakata waya. Mwalimu mkuu ataona sasa kwa nini haikulia tena, na aliyekata yuko tayari kujibu. Tangu siku hiyo mwalimu Aglaia anatumia kengele ndogo ya mkononi, ile inayofungwa shingoni mwa kondoo, na watoto wanaingia na kutoka kwa wakati uleule.

Jambo jingine lililotushtua ni hili. Kwenye barua tulisema masomo yanarudi nyuma kwa ajili yake. Siku hiyohiyo tuliomba daftari za imla na hesabu, za kabla na za baada ya yeye kuondolewa. Tulizipanga juu ya dawati, tukalinganisha. Hakuna alama zilizopanda. Watoto wanne wameshuka. Waliokuwa wanakosea kabla, wanakosea yaleyale.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani kwa Veturia, watu tisa. Tulidhani Smaranda yuko nyumbani kwa ajili ya mwisho wa wiki. Veturia alikuwa kaunta, na foleni ilikuwa ndefu. Tulisimama kwenye foleni kama wateja wengine. Zamu yetu ilipofika, Sanda alisema tumekuja kuomba msamaha.

"Msamaha hatuuzi hapa, Mama Otilia," alisema Veturia. "Kuna mkate mweupe na kuna wa ngano nzima. Utachukua upi?"

Sanda akasema wa ngano nzima. Veturia akaufunga, akampa, akamwita anayefuata. Hivyo hivyo hadi sote tisa tukawa tumebeba mikate.

Tulipogeuka kuondoka, pazia la nyuma ya duka lilikuwa wazi, na tukamwona Smaranda. Amekaa juu ya mfuko wa unga, anapanga vitambaa vya kufunikia mikate. Hapo ndipo tulipojua kwamba mama yake alimtoa bwenini tangu siku iliyotangulia, baada ya wiki tatu. Alikuwa amepungua kilo nne. Kwa mtoto wa ukubwa wake, mheshimiwa, kilo nne zinaonekana kwenye shingo. Hakuwa anaguna wimbo wake.

Sanda alimwita kwa jina, taratibu. Mtoto akainua macho, akatutambua.

Akaziba masikio.

Hakuna kengele iliyolia. Hakuna aliyepaza sauti. Aliziba masikio kwa sababu ya kutuona sisi.

Tangu siku hiyo hakuna mzazi katika sisi aliyeingia kule nyuma. Waliokwenda ni watoto. Kila siku baada ya masomo wanakwenda wawili wawili, kwa mpangilio walioufanya wenyewe, wanakaa naye juu ya mifuko ya unga bila kusema kitu, wanarudi nyumbani na suruali nyeupe. Veturia hawafukuzi. Siku ya tatu Smaranda alikula nusu ya tufaha la Otilia. Siku ya sita, bila kuombwa, alianza kutaja majina ya daftari. Moja, Apetrei. Mbili, Balan. Tatu, Bucur. Tano, Cozma.

Otilia alidhani kakosea. Akamsubiri arudie. Akarudia, kwa utulivu uleule, hadi ishirini na mbili. Hakukosea. Nne haimo. Amejifuta.

Mtoto huyu yuko nje ya shule kwa wiki ya tatu sasa. Wiki iliyopita Veturia alipokea barua kutoka ofisi ya mkoa, ikimtaka amrudishe bwenini kabla ya tarehe tisa Juni, la sivyo ataitwa kujieleza kwa kumnyima mtoto elimu. Nakala iliyoletwa shuleni tuliisoma mara mbili tukidhani hatukuelewa. Elimu tulimnyima sisi. Kama kuna wa kuitwa, majina yetu mnayo, yameandikwa vizuri, na anwani.

MAOMBI

Tulirudi kwa Veturia mara ya pili, wakati huu Sanda na Bibi Profira tu, saa ya kufunga duka. Bibi Profira alikaa tu kando. Sanda alijaribu kueleza, akaanza kulia. Veturia alikuwa anasugua trei, hakuacha kusugua.

"Usinililie, Mama Otilia. Machozi ninayo yangu," alisema. "Mwanangu mlimtoa kwa karatasi. Mrudisheni kwa karatasi."

Sanda akamuuliza kama karatasi ikipatikana atamleta. Veturia aliiweka trei kando. Halafu akasema kwamba Jumatatu, tarehe tano Juni, saa mbili kasoro asubuhi atapita na Smaranda mbele ya geti la shule, kama anavyopita kila siku akienda kazini. Hatasimama muda mrefu. Kama kuna mtu wa kumwambia neno lililoandikwa, atamsikiliza. Kama hakuna, wataendelea na safari yao, na tusimfuate tena dukani isipokuwa kwa mkate.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba yafuatayo, na tunaomba tukiwa tunajua kwamba hatuna haki ya kuomba.

Tunaomba barua yetu ya tarehe nne Machi ihesabiwe kuwa imeondolewa na sisi wenyewe tulioiandika, na uamuzi wa kumhamisha Smaranda Chirilă ufutwe. Tunaomba Veturia asiitwe popote. Tunaomba nafasi ya mwalimu msaidizi, ambayo kwenye makaratasi ya shule ipo tangu Septemba na kwenye darasa haijawahi kuonekana, ijazwe kabla ya mwaka mpya wa masomo. Na mpaka hapo, sisi tumepangana kwa zamu: kila siku mzazi mmoja atakuwa koridoni tangu asubuhi hadi mwisho wa vipindi, akae kwenye kiti, awe tayari mwalimu akihitaji mikono miwili ya ziada. Mwalimu Aglaia amekubali, kwa sharti kwamba tusitoe ushauri.

Hatutaki kukudanganya kwa mara ya pili. Barua mpya haina majina yote. Wazazi watatu kati ya wale kumi na tisa wamekataa kuisaini. Mmoja anasema mwanawe sasa anasoma kwa amani na hataki kurudi nyuma. Wamo humu ukumbini, na hatuwatukani. Miezi mitatu iliyopita maneno yao yalikuwa yetu. Wengine kumi na sita tumesaini. Bwana misitu amesaini. Bibi Profira alikuja na miwani, akatulazimisha tumsomee kila mstari kwa sauti, akauliza maana ya maneno mawili, ndipo akaandika jina lake, herufi moja moja, kwa robo saa.

Mheshimiwa, chini ya uamuzi wa kumwondoa mtoto huyu, baada ya sahihi zetu, kuna sahihi yako. Hatukulaumu. Wewe hukuwahi kumwona. Uliletewa karatasi na watu waliokaa naye kwa miaka minne, ukawaamini. Ungefanyaje? Tuliokupotosha ni sisi, na ndiyo sababu hatukutuma ombi hili kwa posta. Tulitaka utuone nyuso tukilisema, na watoto wetu wasikie tukilisema, kwa kuwa walisikia lile la kwanza bila sisi kutaka.

Karatasi iko juu ya meza mbele yako, kando ya maua. Tumeiandika kwa mkono na haina madoa. Leo ni Jumatano. Tumeuliza, tukaambiwa kwamba wewe peke yako unaweza kusimamisha uamuzi ule hata kabla tume haijakaa, kwa mistari miwili na muhuri, na kwamba muhuri unakuwa nao kila uendako.

Tunakuombea kwa Mungu ushuke bonde salama, uwakute wa nyumbani kwako wazima, na siku ya kesho, ambayo ni ya watoto wote, ikukute huna unachokijutia. Sisi siku yetu ya kujuta imeshatukuta.

Watoto, sasa kaeni.

Ni sisi wazazi wa darasa la tatu B, Poiana Ursoaiei, wanafunzi ishirini na wawili.